Ni mambo gani ya kifizikia yanayoamua mpira utafika umbali gani?

Msaidizi_wa_Kocha aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninasaidia kufundisha kandanda kwa vijana, na kwa kuwa kadhaa kati yao wanasoma fizikia darasani, mazoezi yetu ya pasi ndefu siku hizi hugeuka kuwa mjadala. Kitabu chao kinaeleza kwamba umbali unaofikiwa na kitu kilichorushwa hutokana na kasi ya awali, pembe ya kurushia na mvutano wa dunia, basi; kwamba pembe inayofikisha kitu mbali zaidi ni digrii 45; na kwamba tungamo la kitu, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, halihusiki hata kidogo. Vijana wameyashika hayo vizuri, kisha wanapokuja uwanjani wanakuta mambo matatu yasiyopatana na kitabu.

La kwanza ni kwamba mpira uliopigwa kwa pembe iliyo chini ya digrii 45 mara nyingi hufika mbali kuliko ule ulioinuliwa juu sana. La pili ni kwamba mpira mwepesi wa plastiki, hata ukipigwa kwa nguvu zote, huishiwa kasi hewani na kuanguka karibu, ilhali mpira rasmi, ambao ni mzito zaidi, huendelea na safari yake. La tatu linatoka kwa wachezaji waliowahi kucheza katika nyanda za juu: wanasisitiza kuwa kule mpira huenda mbali zaidi, na mmoja wao anadai kuwa sababu ni kupungua kwa mvutano wa dunia.

Naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi. Je, kitabu kimekosea, au sisi ndio tunaokisoma vibaya? Na kati ya mambo yote haya, lipi lina uzito mkubwa zaidi?

Mwalimu_wa_Fizikia alijibu:

Ndugu Msaidizi, kitabu hakijakosea, ila kinazungumzia mpira unaosafiri mahali pasipo na hewa, kutoka ardhini hadi ardhini penye usawa ule ule. Masharti hayo kwa kawaida huandikwa katika sentensi moja mwanzoni mwa mada, na wanafunzi huiruka ili waifikie kanuni yenyewe. Galileo, aliyeonyesha katika andiko la mwaka 1638 kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola, yaani mkunjo wenye pande mbili zinazolingana za kupanda na kushuka, alitambua pia kwamba hewa huiharibu parabola hiyo.

Kanuni ya mahali pasipo na hewa ni hii: chukua kasi ya awali, izidishe kwa yenyewe, zidisha tena kwa saini (sine, ile ya trigonometria) ya pembe iliyoongezwa maradufu, kisha gawanya kwa mchapuko wa mvutano, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde kwa kitu kinachoanguka, ambao ni takriban mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Mpira ukiondoka mguuni kwa mita 25 kwa sekunde, kwa pembe ya digrii 45, hesabu hiyo inatoa karibu mita 64. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, mpira ulioondoka kwa kasi maradufu ungefika mara nne ya umbali. Kwa upande mwingine, pembe ikipungua kutoka digrii 45 hadi 40, umbali hupungua kwa asilimia moja na nusu tu. Hapo swali lako la mwisho limekwisha kupata nusu ya jibu lake: kasi ya awali ndiyo mkubwa wa jambo hili, na anayehangaika na digrii mbili tatu za pembe huku mguu wake ukiugusa mpira kivivu anapoteza muda.

Sasa tulitazame tungamo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapokwama. Tungamo hutoweka katika kanuni ya kitabu kwa sababu kitu kizito huvutwa na dunia kwa kani kubwa zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kubadilishwa mwendo, na mambo hayo mawili yanafutana kwa usawa kamili. Kani ya hewa haina mfutano kama huo. Hewa inayougonga mpira huangalia ukubwa wake, umbo lake, uso wake na kasi yake, wala haijui ndani mna nini. Kani hiyo ikishapatikana, upungufu wa kasi hupatikana kwa kuigawanya kwa tungamo. Kwa hiyo kani ile ile inayoudhoofisha vibaya mpira mwepesi huupunguzia kasi kidogo tu mpira mzito wa ukubwa ule ule.

Mfano mzuri ni mpira wa meza na mpira wa gofu. Wa kwanza una kipenyo cha milimita 40 na tungamo la gramu 2.7. Wa pili una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na tungamo lisilozidi gramu 45.93. Ukiwaweka vijana mbele ya mipira hiyo miwili wataona kwamba inakaribiana sana kwa ukubwa, lakini mmoja ni mzito mara 17 kuliko mwingine. Ikirushwa yote kwa mita 25 kwa sekunde, kani ya hewa juu ya mpira wa meza huwa karibu mara tisa ya uzito wake wenyewe, ilhali ile iliyo juu ya mpira wa gofu haifikii uzito wake. Mpira wako wa plastiki uko katika hali ya mpira wa meza: unaondoka mguuni kwa kasi kubwa, kisha hewa inainyang'anya kasi hiyo katika mita chache za mwanzo.

Naongeza angalizo moja. Hayo hayamaanishi kwamba mpira ukizidi kuwa mzito utazidi kwenda mbali bila kikomo, kwa sababu mguu au mkono wa binadamu una uwezo wake, na mpira mzito mno huondoka kwa kasi ndogo. Tufe la wanaume, lile zito linalorushwa katika riadha, lenye kilo 7.26, karibu halijali hewa kabisa, lakini hakuna anayeweza kulirusha kwa kasi ya mpira wa gofu.

Mpiga_Hesabu alijibu:

Mwalimu ameeleza vizuri kuhusu tungamo, nami nitabaki kwenye hewa, kwa kuwa swali la nyanda za juu linanigusa na kwa kuwa dai la mvutano kupungua husikika mara nyingi kupita kiasi.

Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Mpira rasmi wa kandanda una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na tungamo la gramu 410 hadi 450, na hewa ya usawa wa bahari, katika nyuzi 20 za Selsiasi, ina takriban kilo 1.2 katika kila mita ya ujazo. Ukiziweka takwimu hizo pamoja utaona kwamba mpira unapokwenda kwa mita 30 kwa sekunde, kani ya hewa inayourudisha nyuma hukaribia kulingana na uzito wa mpira wenyewe. Kwa maneno mengine, katika shuti kali hewa si jambo dogo la kupuuzwa. Ni mshindani wa mvutano wa dunia. Nilipoufanyia hesabu ya hatua kwa hatua mpira ule wa Mwalimu, ulioondoka kwa mita 25 kwa sekunde kwa digrii 45, bila mzunguko wowote, ulianguka kwenye mita 40 hivi badala ya 64. Kiasi cha mita 24 zimeliwa na hewa.

Ndiyo maana mahali palipo juu panaleta tofauti. Kwenye mwinuko wa mita 3,600, ambao ni wa mji wa La Paz nchini Bolivia, densiti ya hewa, yaani tungamo lake katika kila mita ya ujazo, hushuka hadi takriban asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari. Mvutano wa dunia kwenye mwinuko huo huo hupungua kwa takriban moja ya kumi ya asilimia moja. Mwambie mchezaji wako alinganishe mwenyewe: asilimia 30 upande mmoja, sehemu ya kumi ya asilimia upande mwingine. Mvutano hubadilika zaidi kati ya ikweta, ambako ni 9.78, na ncha za dunia, ambako ni 9.83, kuliko unavyobadilika mtu anapopanda mlima, na hata tofauti hiyo haifiki asilimia moja.

Joto nalo limo. Hewa ikipata joto hutanuka, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza densiti kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Unyevu wa hewa ndio unaowapoteza watu. Siku yenye unyevunyevu hewa huhisiwa kuwa nzito, na watangazaji wa mpira husema hivyo hivyo, lakini kwa densiti ni kinyume: molekuli ya maji ni nyepesi kuliko zile za naitrojeni na oksijeni ambazo inachukua nafasi yake, hivyo hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto na kanieneo (msukumo wa hewa juu ya kila eneo) zile zile. Athari yake ni ndogo sana. Unyevu hudhuru kwa njia nyingine, kwa kuingia ndani ya mpira wenyewe au kulowesha nyasi. Mipira ya zamani ya ngozi ilinyonya maji na kuwa mizito. Ya siku hizi hunyonya kidogo mno.

Upepo unahitaji uangalifu, maana watu hudhani kwamba upepo wa mbele hupunguza kiasi kile kile ambacho upepo wa nyuma huongeza. Kani ya hewa hutokana na kasi ya mpira ikilinganishwa na hewa. Mpira unaokwenda kwa mita 25 kwa sekunde dhidi ya upepo wa mita 5 unakutana na hewa kwa mita 30, na mraba wake unaongeza ukinzani kwa asilimia 44. Upepo huo huo ukitoka nyuma, mpira unakutana na hewa kwa mita 20, na ukinzani unapungua kwa asilimia 36. Hasara ni kubwa kuliko faida.

Jambo la mwisho kwangu ni uso wa mpira, na hapa hewa hufanya jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kuna tabaka jembamba la hewa linaloambatana na uso wa mpira. Kwa kasi ndogo tabaka hilo hutiririka kwa utulivu na hubanduka mapema, likiacha nyuma ya mpira eneo pana la hewa iliyovurugika ambalo huuvuta mpira nyuma. Kasi ikipita kiwango fulani, tabaka lenyewe huvurugika, hushikamana na mpira kwa muda mrefu zaidi, na eneo lile la nyuma huwa jembamba. Ukinzani hushuka ghafla. Mshono, mkwaruzo au kibonyeo hulifanya hilo litokee kwa kasi ndogo zaidi. Vibonyeo vya mpira wa gofu vimewekwa kwa kusudi hilo, na mpira wa gofu usio na vibonyeo, ukipigwa vilevile, hufika takriban nusu tu ya umbali. Mpira laini kabisa, ambao mtu angedhani utaipenya hewa vizuri, ndio unaoshindwa.

Kipa_Mstaafu alijibu:

Nimesoma maelezo ya waliotangulia kwa heshima. Mimi nililinda lango kwa miaka mingi, na swali la pembe ndilo nitakalolijibu, kwa kuwa hakuna anayeijua pembe kuliko mtu anayetakiwa kuutoa mpira kwenye eneo lake kila dakika chache.

Sababu ya kwanza ya pembe kushuka chini ya digrii 45 ni hiyo hewa iliyotajwa, lakini peke yake huishusha kwa digrii chache tu. Sababu kubwa zaidi imo mwilini mwa mchezaji. Mwili hauwezi kutoa kasi ile ile katika pembe zote. Jaribu mpira wa kurusha kwa mikono miwili kutoka kichwani: ukirusha karibu na usawa wa ardhi, mgongo, mabega na mikono husukuma pamoja, na mpira hutoka kwa kasi, ukijaribu kuuinua hadi digrii 45, sehemu ya nguvu inapotea na kasi hupungua. Kwa kuwa umbali unafuata mraba wa kasi, kama Mwalimu alivyoonyesha, ni afadhali kupoteza digrii kuliko kupoteza kasi, na ndiyo maana mpira wa kurusha unaofika mbali zaidi hutolewa kwa pembe ya karibu digrii 30. Kisha kuna kimo cha kuachia. Kitu kinachoachiwa juu ya usawa wa mahali kitakapoangukia hakihitaji kuinuliwa sana, kwa sababu kimo hicho tayari kimekipa muda wa ziada hewani. Warusha tufe, ambao huliachia zaidi ya mita mbili juu ya ardhi, hurusha chini ya digrii 40 kwa sababu hizo mbili zikiwa pamoja.

Sababu nyingine ni mzunguko wa mpira. Mguu ukiugusa mpira chini kidogo ya katikati, mpira huondoka huku uso wake wa mbele ukipanda na wa juu ukirudi nyuma. Uso huo huikokota hewa, hewa huachana na mpira ikiwa imeelekezwa chini, na mpira nao husukumwa juu. Athari hiyo huitwa kwa jina la Heinrich Gustav Magnus, aliyeichunguza katika miaka ya 1850. Mpira wenye mzunguko wa namna hiyo hukaa hewani muda mrefu kuliko uzito wake ungeruhusu, kwa hiyo hauhitaji pembe kubwa. Wacheza gofu wanaopiga mbali huutoa mpira kwa pembe iliyo kati ya digrii 10 na 15 tu, na mzunguko ndio unaomalizia kazi ya kuuinua. Ila usizidishe: ukiugusa mpira chini mno, unapanda kama puto, unapoteza kasi ya kwenda mbele, na upepo wa mbele unaweza kuurudisha kwako. Mzunguko wa kinyume, ule unaoufanya mpira ushuke mapema, hufupisha safari ya hewani.

Na tusisahau kwamba mpira haufi unapogusa ardhi. Pasi ya chini inapotua bado ina kasi kubwa ya kwenda mbele, inadunda na kubiringika, wakati mpira uliopanda sana hutua ukiwa karibu wima na kusimama hapo hapo. Kwenye uwanja mkavu na mgumu, mita za kubiringika zinaweza kubadilisha kabisa matokeo ya shindano lenu la nani kafika mbali. Kwenye nyasi ndefu zilizolowa, mshindi ni yule aliyefika mbali hewani. Kabla hamjabishana, kubalianeni mnapima wapi.

Msaidizi_wa_Kocha aliandika:

Nawashukuru sana. Mchezaji wa nyanda za juu nimempelekea hesabu ya Mpiga_Hesabu, na bado anaitafakari. Nina maswali mawili ya nyongeza. Vijana hupenda mpira ujazwe upepo hadi uwe mgumu kama jiwe, wakiamini utaenda mbali zaidi. Je, wana haki? Na je, kuna njia ya kuwaonyesha athari ya hewa kwa vipimo vyao wenyewe, bila maabara?

Mwalimu_wa_Fizikia alijibu:

Kuhusu upepo wa ndani, wana haki kwa kiasi. Mguu hukaa na mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ili mpira wa gramu 430 upate mita 25 kwa sekunde katika muda huo, wastani wa kani lazima ukaribie niutoni 1,075, ambao ni zaidi ya uzito wa kilo 100. Chini ya kani hiyo mpira hubonyea na kurudi. Mpira wenye upepo haba hubonyea kupita kiasi, na sehemu ya nishati huishia kuwa joto katika ngozi na tabaka zake badala ya kurudi kuwa mwendo. Mpira uliojaa hupoteza kidogo. Sheria za mchezo zinaruhusu kanieneo ya angahewa 0.6 hadi 1.1 juu ya ile ya nje, na kupita hapo ni kuumiza miguu na kuharibu mpira kwa faida ndogo. Angalieni pia baridi: mpira uliojazwa hadi 0.8 katika nyuzi 25, ukiachwa nje hadi ufikie nyuzi 5, hushuka hadi karibu 0.68 bila kuvuja hata kidogo. Ujazeni pale pale mtakapocheza.

Kuhusu vipimo, simu yenye kamera ya kurekodi picha 240 kwa sekunde inatosha. Iwekeni pembeni mwa mpigaji, mbali kiasi, ielekee njia ya mpira kwa pembe ya digrii 90. Kipenyo cha mpira, ambacho ni takriban sentimita 22, ndicho rula yenu. Hesabuni mpira umesogea vipenyo vingapi katika picha chache za kwanza baada ya kuachana na mguu. Ukisogea sentimita 10 kati ya picha moja na inayofuata, kasi yake ni mita 24 kwa sekunde. Pembe mnaipima kwenye kioo cha simu. Wekeni kasi na pembe katika kanuni ya kitabu, kisha pimeni kwa futi ya mkanda mahali mpira ulipogusa ardhi kwa mara ya kwanza. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni kazi ya hewa na mzunguko.

Mpiga_Hesabu alijibu:

Rudieni vipimo hivyo kwa ule mpira wa plastiki, ndipo wataona pengo likipanuka. Na kwa kijana atakayeuliza ingekuwaje pasipo hewa kabisa, kuna mfano halisi. Mwezi Februari 1971, mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga mipira miwili ya gofu juu ya Mwezi, ambako hakuna hewa na mvutano ni takriban sehemu moja ya sita ya wa dunia. Akiwa ndani ya vazi zito lililomlazimisha kupiga kwa mkono mmoja, alidai kwamba mpira wa pili ulikwenda maili na maili. Picha zilipochambuliwa upya miaka 50 baadaye, ilionekana kuwa ulifika mita 37 hivi na wa kwanza mita 22. Hewa haikuwapo na mvutano ulikuwa hafifu. Kilichokosekana ni kasi ya awali.